Clara Campoamor: Wakili Aliyeipigania Kura ya Wanawake Uhispania

Clara Campoamor alizaliwa jijini Madrid mwaka wa 1888. Mama yake alikuwa mshonaji. Baba yake alipofariki, Clara, angali mtoto, alilazimika kuacha shule ili asaidie kuikimu familia. Alishona nguo, akauza dukani, kisha akaajiriwa katika ofisi za telegrafu. Alirejelea masomo ya sekondari akiwa amepita umri wa miaka 30, na mnamo 1924 akahitimu shahada ya sheria. Alikuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kuwa mawakili nchini humo.

Mwaka wa 1931 mfalme aliondoka nchini na Jamhuri ikatangazwa. Sheria ya uchaguzi ilikuwa na kinaya: mwanamke aliruhusiwa kuchaguliwa ilhali hakuruhusiwa kuchagua. Campoamor aliingia bungeni kwa tiketi ya Chama cha Radical, akawa mwanamke pekee katika kamati ya watu 21 iliyoandaa rasimu ya katiba.

Upinzani mkali ulitoka kwa washirika wake. Wanajamhuri wengi, wakiwemo wa chama chake, walihofia kwamba wanawake wangewafuata mapadri na kuiangusha Jamhuri changa. Hata Victoria Kent, mbunge na wakili kama yeye, alipendekeza haki hiyo iahirishwe. Mwamba ngoma, wahenga walinena, huvutia kwake. Campoamor hakuiwamba yake hivyo. Alishikilia kwamba haki ya raia haipimwi kwa faida ya chama, na kwamba uhuru hujifunzwa kwa kutumiwa. Tarehe 1 Oktoba, 1931, kifungu hicho kilipita kwa kura 161 dhidi ya 121.

Ushindi huo ulimgharimu pakubwa. Wanawake walipopiga kura katika uchaguzi mkuu wa Novemba 1933, vyama vya kulia vilishinda, naye akapoteza kiti chake. Alitupiwa lawama, ingawa vyama vya kushoto viliingia uchaguzini vikiwa vimegawanyika. Mnamo 1936 alichapisha kitabu kuhusu mapambano hayo, akakiita kwa kejeli dhambi yake ya mauti.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka uo huo, alikimbilia uhamishoni. Aliishi Argentina, kisha Uswisi, alikofariki mwaka wa 1972, udikteta wa Jenerali Franco ungali umewanyima raia wote uchaguzi huru. Uchaguzi huo ulirejea mwaka wa 1977. Wanawake walipanga foleni pamoja na wanaume, wakiitumia haki ambayo mtetezi wake hakuishi kuiona ikirudi.