Mwalimu Nyerere na Silaha za Nyuklia

Nakaa Eldoret, mji wa mahindi na wanariadha, ambao tangu miaka ya 1990 una pia kiwanda cha serikali cha kutengeneza risasi. Risasi aghalabu ina mlengwa wake. Bomu la nyuklia halina. Huua mji mzima, mtoto na mzee, na vumbi lake huvuka mipaka. Kwa sababu hiyo leo namkumbuka marehemu Mwalimu Julius Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akasoma Makerere na Edinburgh, akaiongoza Tanganyika hadi uhuru mwaka 1961. Sisi watunzi twamheshimu pia kwa kumtafsiri Shakespeare. Walakini hakuwa mtu wa kukimbia vita. Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu alipeleka jeshi, na mwaka uliofuata Amin akang'oka. Basi alipozipinga silaha hizi, hakuna aliyeweza kumwita mwoga.

Mwaka 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza katika Sahara, nchini Algeria. Mwaka 1964, mjini Cairo, wakuu wa Afrika, Mwalimu akiwamo, wakatangaza kuwa bara letu lisiwe na silaha hizo.

Mei 1984 alishirikiana na viongozi wa India, Sweden, Ugiriki, Mexico na Argentina. Rai yao ilikwenda hatua kwa hatua: kwanza wakubwa wasimamishe majaribio na uundaji wa mabomu mapya, kisha wayapunguze yaliyopo. Wakubwa walikuwa hawaaminiani. Kwa hiyo mwaka 1986, huko Mexico, sita hao walijitolea kusaidia ukaguzi kwa mitambo ya kupima mitetemeko ya ardhi. Mwalimu alikwisha ng'atuka urais, lakini kazi hiyo hakuiacha.

Aliishi kuona mengi. Afrika Kusini ilivunja mabomu yake yote sita, na mwaka 1996 mkataba wa Pelindaba ukatiwa saini Cairo. Aliona pia India, mmoja wa wale sita, ikilipua mabomu mwaka 1998. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, na Pelindaba ikaanza kufanya kazi mwaka 2009.

Leo mataifa tisa yangali na silaha hizo. Wasiokuwa nazo ndio wengi, na Mwalimu alitufunza kuwa wengi hao nao wana haki ya kusema.