Richard Boyle: Aliyeitwaa Nchi kwa Kalamu na Hati

Wako watu waliojipatia nchi kwa upanga, na majina yao yajaa vitabu vya tarehe. Wako na wengine walioipata kwa kalamu, wino na karatasi, na mara nyingi hao ndio ambao nchi imekaa mikononi mwao zaidi. Bwana tutakayemtaja leo ni wa kundi hilo la pili. Jina lake ni Richard Boyle, Mwingereza aliyeingia Ireland mwaka 1588 akiwa kijana asiyejulikana, akafa mwaka 1643 akiwa miongoni mwa matajiri wakubwa kabisa wa ufalme wote wa Uingereza.

Waliopita shule huenda wakalijua zaidi jina la mwanawe, Robert Boyle, mwanachuoni wa kemia ambaye kanuni yake ya hewa husomeshwa hata leo. Baba mtu elimu yake ilikuwa nyingine. Yeye alijua hati za mashamba: nani ana haki, nani hana, na sharti gani lililovunjwa na nani.

KIJANA WA CANTERBURY

Boyle alizaliwa mjini Canterbury, kusini mwa Uingereza, tarehe 3 Oktoba 1566. Alikuwa mtoto wa pili wa kiume, na katika sheria za Waingereza wa zama hizo mtoto wa pili hakuwa na matumaini makubwa ya urithi. Baba yake alimfia angali mdogo. Alisoma Cambridge, kisha akaanza kusoma sheria mjini London, lakini fedha zikamwishia. Akawa karani wa jaji mmoja mkubwa, Sir Roger Manwood. Hapo akaona kwamba njia ya kupanda cheo Uingereza ni nyembamba na watu ni wengi, akaabiri chombo kwenda Dublin.

Uzeeni mwake, mwaka 1632, aliandika habari za maisha yake kwa mkono wake mwenyewe. Alikumbuka hesabu yote ya siku ile aliyoteremka pwani ya Ireland: pauni 27 na shilingi 3, pete ya almasi aliyopewa na mama yake, bangili ya dhahabu, na nguo zake. Mtu aliyeweza kuzikumbuka shilingi tatu baada ya miaka zaidi ya arobaini ndiye mtu aliyefaa kwa kazi iliyomngojea.

NCHI ALIYOIKUTA

Jimbo la kusini mwa Ireland laitwa Munster. Huko mtawala mkuu wa kale alikuwa Gerald FitzGerald, Earl wa Desmond. Aliasi mwaka 1579, akapigana na jeshi la Malkia Elizabeth mpaka alipouawa katika milima ya Kerry mnamo Novemba 1583. Vita vile vilileta njaa kali, na watu wengi wakafa, vijiji vikabaki mahame. Mashamba yake na ya wafuasi wake yakatwaliwa na dola.

Mwaka 1586 serikali ya Malkia ikatoa mpango wa kuyagawa. Sehemu kubwa zilikuwa za ekari 12,000, kisha 8,000, 6,000 na 4,000. Kila aliyepewa alitoa ahadi: ataleta jamaa za Kiingereza, atawaweka katika ardhi, atalipa kodi kwa Malkia, wala hatawakodisha Wairishi. Kwa sababu ya ahadi hizo, hapa tutawaita mabwana wa ahadi. Sir Walter Raleigh, baharia mashuhuri, alipata ekari 42,000. Hata mshairi Edmund Spenser alipewa ngome ya Kilcolman na ekari kama 3,000.

Ni vyema msomaji afahamu desturi iliyokuwako kabla ya hayo. Katika nchi za Wairishi ardhi ilikuwa ya ukoo. Mkuu alichaguliwa katika jamaa, wala si lazima awe mtoto wa aliyekufa, na katika sehemu nyingi mashamba yaligawanywa upya baina ya ndugu. Watu walimlipa mkuu wao kwa chakula, kwa mifugo, na kwa kuwalisha na kuwalaza askari wake. Desturi hizo zilikuwa na uzito wake na dhuluma zake, lakini zilikaa vichwani mwa watu, hazikuandikwa katika hati. Mahakama za Kiingereza zikazibatilisha katika miaka ya 1606 na 1608. Tangu hapo, asiyekuwa na karatasi inayotambuliwa na wafalme wa Uingereza hakuwa na ardhi, hata kama babu zake walizikwa ndani yake.

KARANI WA MALI ISIYO MWENYEWE

Katika dola nyingi mali isiyo na mrithi hurudi baitulmali. Ireland kulikuwa na ofisi ya kazi hiyo, na mnamo 1590 Boyle akawa naibu wa mkuu wake. Kazi ilikuwa kuchungua hati, kutafuta ardhi ambayo haki yake ina kasoro, na kuitangaza kuwa ya Malkia.

Kazi hiyo yataka uaminifu mkubwa, na hapo ndipo maneno yalipoanza. Karani aliyejua kwamba hati ya fulani ni mbovu aliweza kumwendea mwenyewe na kumuuza usalama, au aliweza kuichukua ile ardhi kwa bei ndogo kwa jina la mtu mwingine. Boyle alishtakiwa kwa hayo zaidi ya mara moja, akatiwa kifungoni. Mwaka 1595 alimwoa Joan Apsley, aliyekuwa na mashamba yenye pato la pauni 500 kwa mwaka. Mke huyo alifariki mwaka 1599 katika uzazi, na mtoto hakuishi.

Kabla ya msiba huo, katika mwaka 1598, Wairishi wa Munster waliinuka. Katika siku chache walowezi walifukuzwa, nyumba zikachomwa, na Kilcolman ya Spenser ikateketea. Boyle akakimbilia London bila kitu. Adui zake wakamshtaki tena, lakini safari hii akasimama mbele ya Malkia mwenyewe, naye akafungua hesabu za mweka hazina aliyekuwa akimshtaki. Malkia akaridhika naye, na mwaka 1600 akamfanya karani wa baraza ya kutawala Munster. Jeshi la Wairishi na wasaidizi wao wa Hispania liliposhindwa Kinsale mwishoni mwa 1601, Boyle ndiye aliyepeleka habari London.

Akiwa katika neema hiyo akanunua mashamba yote ya Raleigh, ekari 42,000, pamoja na mji wa Youghal na ngome ya Lismore, kwa pauni 1,500. Mwaka huo ulikuwa 1602. Ardhi ilikuwa imeharibiwa na vita, na Raleigh alihitaji fedha. Mwaka uliofuata Boyle akamwoa Catherine Fenton, binti wa waziri wa serikali, naye akamzalia watoto 15. Mwaka 1620 akafanywa Earl wa Cork.

MASHARTI YA MPANGAJI

Sasa tuje kwenye kiini cha utajiri huo, nacho ni hati za kukodi. Ekari moja ya msitu haina faida ikiwa hapana mtu wa kuilima. Boyle alikodisha mashamba yake kwa hati za miaka 21, au zaidi, au kwa ile iliyojulikana kama hati ya roho tatu.

Hati ya roho tatu ilikuwa hivi. Mpangaji alitaja majina ya watu watatu, aghalabu yeye mwenyewe, mkewe na mtoto wao. Maadamu mmoja wao yu hai, shamba lilikuwa lake kwa kodi ile ile iliyoandikwa. Mmoja akifa, mpangaji aliweza kuomba jina jipya liingizwe, kwa kulipa kilemba. Basi mwenye akili alitaja mtoto mchanga mwenye afya, akimwomba Mungu ampe umri mrefu. Wote watatu wakifa, ardhi hurudi kwa bwana, pamoja na nyumba na kila kilichopandwa juu yake.

Kodi ililipwa mara mbili kwa mwaka, masika na vuli. Juu ya fedha palikuwa na madogo madogo yasiyo madogo kwa maskini: kuku au majogoo waliohasiwa wakati wa sikukuu, siku kadhaa za kazi katika shamba la bwana wakati wa mavuno, na sharti la kusaga nafaka katika kinu cha bwana na si kwingine. Mpangaji akifa, bwana huchukua mnyama aliye bora katika zizi lake. Kesi za wapangaji zilisikizwa katika baraza ya bwana huyo huyo.

Tena palikuwa na masharti ya kujenga nchi. Mpangaji alitakiwa ajenge nyumba nzuri ya mtindo wa Kiingereza, achimbe mitaro, apande ua na miti ya matunda, na akae mwenyewe katika shamba. Alitakiwa pia awe na silaha na ajitokeze siku ya ukaguzi, kwa kuwa mlowezi alihesabiwa kuwa askari pia. Kwa njia hii Boyle alijenga mji wa Bandon, akauzungushia ukuta, na Wakatoliki hawakuruhusiwa kukaa ndani. Akachimba chuma, akakata misitu kwa makaa ya kuyeyushia chuma na mbao za mapipa ya mvinyo.

WALIOKUWA NJE YA HATI

Walakini, sharti la kutowakodisha Wairishi halikufuatwa, wala na Boyle mwenyewe. Sababu yake ni nyepesi. Mlowezi alidai hati ya miaka mingi na kodi nafuu, la sivyo arudi kwao. Mwirishi hakuwa na pa kurudi, kwa hiyo alikubali kulipa zaidi.

Jambo hilo lilionekana wazi zaidi kaskazini, katika jimbo la Ulster, ambako Mfalme James aligawa ardhi kuanzia 1610. Huko bwana wa ahadi alilipa serikali pauni 5, shilingi 6 na peni 8 kwa kila ekari 1,000. Mwirishi aliyeachiwa ardhi alilipa pauni 10, shilingi 13 na peni 4 kwa ekari hizo hizo, maradufu kamili. Tena bwana wa ahadi na wapangaji wake walitakiwa wale kiapo cha kumkubali mfalme kuwa mkuu wa kanisa, kiapo ambacho Mkatoliki hakuweza kukila na imani yake ikasalimika.

Wakaguzi wa serikali walipozunguka mwaka 1622, waliwakuta Wairishi wangali wakilima katika mashamba yaliyokatazwa, wengi wao bila hati yoyote ila ruhusa ya mwaka hadi mwaka. Mtu wa namna hiyo hajengi nyumba ya mawe wala hapandi mti wa matunda, kwa kuwa hajui nani atakayekula tunda lake. Kisha mabwana wakamlaumu kwamba ni mvivu asiyependa kujenga.

KALAMU YAMRUDIA MWENYEWE

Mwaka 1633 alifika Dublin mtawala mpya, Thomas Wentworth, mtu mkali aliyejua kuchungua hati kama Boyle alivyojua. Akaanza na kaburi kubwa la fahari alilojenga Boyle katika kanisa la Mtakatifu Patrick, akaamuru lihamishwe kutoka mahali pa madhabahu. Halafu akafungua daftari za chuo cha kanisa cha Youghal, ambacho mali yake ya wakfu ilikuwa mikononi mwa Boyle, akamtoza pauni 15,000. Karani aliyepanda kwa kutafuta kasoro katika hati za wenzake akashikwa kwa kasoro katika hati zake. Boyle alilipa, akanyamaza, akangoja. Wentworth aliposhtakiwa bungeni London, Boyle alikuwa miongoni mwa mashahidi, na Mei 1641 Wentworth akakatwa kichwa.

Furaha hiyo haikudumu. Oktoba mwaka huo huo Wairishi wa Ulster waliinuka, na kabla mwaka haujaisha moto ukafika Munster. Mapato ya Boyle, yaliyokaribia pauni 20,000 kwa mwaka, yakakatika. Mzee wa miaka 75 akawapa silaha wapangaji wake na wanawe, akajifungia Youghal. Mwanawe Lewis aliuawa vitani Liscarroll mnamo Septemba 1642. Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1643, baba akafariki Youghal, na huko ndiko alikozikwa.

Walowezi waliofukuzwa waliitwa kuapa na kueleza hasara zao, na maelezo kama 8,000 yamehifadhiwa mpaka leo katika chuo cha Trinity, Dublin. Humo mtu ataja ng'ombe wake, nafaka yake, na pia miaka iliyosalia katika hati yake ya kukodi, akiitia thamani ya fedha. Hasara hiyo ilikuwa ya kweli, na wengi waliteseka vibaya. Lakini hasara ya yule aliyetolewa katika ardhi ya ukoo wake haikuwa na mahali pa kuandikwa, kwani hakupata kuwa na hati.

Vita vilipokwisha, dola ya Uingereza ilitwaa ardhi zaidi. Wakatoliki walikuwa na kama asilimia 59 ya ardhi ya Ireland mwaka 1641, na mwaka 1703 walibaki na asilimia 14 tu. Ilipita karne mbili kabla ya sheria, hasa ile ya 1903, kuwawezesha wapangaji kwa wingi kuyanunua mashamba waliyoyalima.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Maisha ya Richard Boyle yathibitisha ukweli wa neno hilo kuliko maisha ya watu wengi. Lakini yatufundisha pia kuuliza daftari ni la nani, na nani aliyenyimwa nafasi ya kuandika jina lake. Hati yaweza kumlinda mkulima na watoto wake kwa vizazi vitatu. Hati hiyo hiyo, ikiandikwa na mmoja bila ya mwenzake kuulizwa, huacha nje watu ambao hawataondoka wala hawatasahau.