Marconi na Siri ya Simu ya Upepo

Ukitoka Nairobi kwa barabara ya Thika, ukafika Githurai na kuiacha barabara kuu, utaingia Mwihoko, mtaa ulio upande wa Ruiru. Jina hilo ni la Kikuyu, na maana yake ni matumaini, ile hali ya mtu kumtegemea mwenziwe. Ukiifuata barabara kuu hiyo hiyo mpaka Juja utakikuta Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, kilichoanza kama chuo cha kawaida mwaka 1981 na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1994. Katika vyuo vya namna hii duniani kuna elimu moja ambayo leo inawashughulisha wataalamu, nayo ni elimu ya mitandao ya papo hapo isiyo na waya.

Ni kitu gani hicho? Hebu tuseme mnara wa simu umeanguka, na watu wa Mwihoko wana simu zao mikononi. Simu hizo zaweza kufundishwa zisiungoje mnara. Ya kwanza humpa jirani ujumbe, jirani humpa wa tatu, na wa tatu humpa wa nne, hata ujumbe ufike ulikotumwa. Hakuna mkubwa wala makao makuu, kila mmoja ni tarishi wa mwenziwe. Sisi watu wa pwani jambo hili si geni kwetu. Nahodha akikutana na jahazi linalokwenda Lamu alipiga ukelele akatoa salamu zake, na salamu zikapokewa kwa amana.

Basi hapo ndipo yanapozuka maswali mawili. La kwanza, ujumbe utafika upesi au utakwama njiani? La pili, huyo tarishi ni mwaminifu? Maswali haya hayakuanza jana. Yalimkabili mtu mmoja zaidi ya miaka mia moja iliyopita, likampa utajiri moja na fedheha la pili. Mtu huyo ni Guglielmo Marconi, na leo twataka kumsimulia.

Marconi alizaliwa mjini Bologna, Italia, tarehe 25 Aprili 1874. Baba yake, Giuseppe, alikuwa Mtaliana mwenye mashamba, na mama yake, Annie Jameson, alikuwa mwanamke wa Ireland. Hakuwa mwanachuoni wa kutajika. Lakini alisoma habari za Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha mnamo mwaka 1888 kwamba kuna mawimbi ya umeme yapitayo hewani, na habari hizo zikamnyima usingizi. Hertz aliyatafuta mawimbi kwa ajili ya elimu. Marconi aliyataka yabebe barua.

Mwaka 1895, nyumbani kwao Pontecchio, akiwa kijana wa miaka 21, alijenga mitambo yake kwa mikono yake. Husimuliwa kwamba ndugu yake Alfonso alikwenda ng'ambo ya kilima na bunduki, wakaagana kuwa akipata ishara apige risasi. Marconi akabonyeza kitufe, na mara bunduki ikalia nyuma ya kilima. Mawimbi yalikuwa yamefika mahali jicho lisipofika.

Mwaka uliofuata alikwenda London pamoja na mama yake. Huko akamkuta William Preece, mhandisi mkuu wa Posta, aliyemwonyesha njia. Akaomba hati ya kulinda uvumbuzi wake mwaka huo huo wa 1896, na mwaka 1897 akaanzisha kampuni. Mwezi Machi 1899 simu yake ya upepo ilivuka mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Tarehe 12 Disemba 1901, akiwa Newfoundland, alitangaza kwamba amesikia nukta tatu za herufi S zilizotumwa kutoka Poldhu, pembe ya kusini magharibi ya Uingereza, kuvuka bahari ya Atlantiki nzima. Wako waliomsadiki, na wako waliotia shaka.

Ama wenye kuumia kwa habari hiyo walikuwa matajiri wa waya wa baharini. Waya hizo twazijua, kwani mwaka 1879 moja ya hizo ilitandazwa kutoka Aden mpaka Zanzibar na kuendelea kusini hata Durban. Jamaa wa biashara hiyo, kampuni ya Eastern Telegraph, waliona kwamba upepo ukichukua barua bure, waya zao zitabaki kuwa makazi ya samaki.

Hapa ndipo liliposimama swali la siri. Waya humfikia aliyeungwa nayo tu, lakini upepo ni wa kila mtu. Marconi akajibu kwamba ameyaweza mawimbi. Hati yake ya mwaka 1900, maarufu kwa nambari 7777, ilihusu namna ya kupatanisha mtoaji na mpokeaji kwa wimbi mmoja, na yeye akajisifu hadharani kwamba kwa ufundi huo hapana mgeni atakayeingia kati.

Kampuni ya waya ikamtafuta Nevil Maskelyne, Mwingereza mchezaji wa kiini macho aliyekuwa pia fundi wa simu ya upepo. Maskelyne alijenga mlingoti wake karibu na Poldhu, akayasikia mazungumzo ya Marconi kama mtu asikiavyo adhana kutoka mnarani. Kisha, mwezi Juni 1903, Profesa John Ambrose Fleming, mshauri wa Marconi, alikuwa London mbele ya hadhara ya wataalamu akijiandaa kuonyesha ujumbe kutoka Poldhu. Kabla ya ujumbe kufika, chombo kikaanza kugonga chenyewe. Mmoja wa wasaidizi akausoma mdundo, akakuta ni neno la dharau likirudiwa, na baadaye mashairi ya kumkejeli Marconi. Maskelyne alikuwa ameweka mtambo jirani. Fleming alikasirika, akaandika gazetini kushitaki utovu wa adabu, na Maskelyne akajitokeza bila haya kusema kuwa ni yeye, na kwamba alikusudia kuonyesha udhaifu uliofichwa watu.

Hebu tuamue kwa haki. Kuvamia mkutano wa mtu si uungwana. Lakini aliyenadi kufuli isiyofunguka naye ana lawama yake. Wazee wetu walituasa kwamba fumbo hufumbiwa mjinga, mwerevu huling'amua, na Marconi hakuwa hata amefumba. Aliuacha ujumbe wazi, akatumaini kwamba hapana mwenye sikio.

Pamoja na hayo simu ya upepo ilistawi, hasa baharini. Meli zilipata matarishi wa Marconi, na habari zikawa zaruka kutoka meli hadi meli, na kutoka meli hadi pwani, bila waya wowote. Lakini Marconi aliweka sharti kwamba vituo vyake visizungumze na vyombo vya kampuni nyingine ila kwa dharura. Mataifa yalikutana Berlin mwaka 1903, kisha mwaka 1906, yakakata shauri kwamba vituo vya pwani na meli zipokee habari za kila mmoja bila kuuliza chombo cha nani. Mwaka 1909 Marconi alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia, pamoja na Ferdinand Braun, Mjerumani.

Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 ulikuja mtihani mkubwa. Katika Titanic, tarishi Jack Phillips alikuwa na rundo la salamu za abiria za kupeleka Cape Race. Meli jirani, Californian, ikataka kumpa habari za barafu. Sauti yake ikamwingilia kwa nguvu masikioni, naye akaiambia inyamaze kwani ana kazi. Tarishi wa Californian akazima mtambo, akalala. Titanic ikagonga barafu. Phillips aliita hata mwisho, na yeye mwenyewe akafa. Meli ya Carpathia iliusikia mwito na kuokoa watu zaidi ya 700, na zaidi ya 1,500 wakaangamia. Njia ilikuwapo, lakini ilisongamana, na jirani wa karibu alikuwa usingizini. Baada ya msiba huo sheria zikaanza kulazimisha meli za abiria ziwe na masikio usiku na mchana.

Kwetu Afrika Mashariki upepo ulikuja na mizinga. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilifika Dar es Salaam kuulenga mnara wa simu ya upepo wa Wajerumani. Mwezi Julai 1915, katika delta ya Rufiji, ndege ziliruka juu ya mikoko zikizipelekea meli za Severn na Mersey habari za makombora yaangukapo, mpaka manowari Königsberg ikaangamia.

Marconi mwenyewe alipoteza jicho la kulia katika ajali ya motokaa mwaka 1912. Aliingia chama cha Mafashisti mwaka 1923, na Mussolini akamfanya mkuu wa Chuo cha Kifalme cha Italia. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935, alisimama upande wa mvamizi. Msomaji wa Afrika hawezi kulipita hilo kimya. Alikufa Roma tarehe 20 Julai 1937, na vituo vya Uingereza vikanyamaza kwa dakika mbili. Kwa kitambo hicho upepo ukawa mtupu kama kabla yake.

Ama maswali yake mawili hayakuzikwa naye. Mwaka 2000 wataalamu Gupta na Kumar, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walionyesha kwa hesabu kwamba katika mtandao wa namna hii, kadiri vituo vinavyoongezeka ndivyo fungu la kila kimoja linavyopungua, kwa sababu wote wanagombea hewa moja na kila mmoja anabeba mizigo ya wengine. Huo ndio msongamano wa Phillips. Na Maskelyne naye ana wajukuu. Hujitokeza tarishi mwongo anayetangaza kwamba yeye ndiye mwenye njia fupi. Majirani wakimpa barua zao, huzimeza zote. Wataalamu humwita shimo jeusi. Dawa ni kufumba ujumbe na kumtaka kila tarishi aonyeshe muhuri wake, lakini kila muhuri hula muda na hula betri. Ukizidisha ulinzi mwendo hupungua, ukiupuuza huibiwa.

Faida yake yaonekana. Huko Kibera, Nairobi, taasisi ya Tunapanda imeunganisha shule na vituo kwa mtandao wa jamii usio na waya, mahali ambapo waya za makampuni hazikuwa na haraka ya kufika. Mwihoko nayo, kama mitaa mingine inayokua, yaweza kufaidika na ujirani wa aina hiyo.

Lakini tusimrudie Marconi katika kosa lake. Anayewauzia watu mtandao na awaambie wazi nani anaweza kusikia na nani hawezi, nasi tunaonunua tuulize kabla ya kutuma siri zetu za fedha na za nyumba. Mwihoko ni matumaini, na matumaini ya mtu kwa jirani yake ni amana. Aliyepewa amana hatakikani kuinadi asichonacho, wala kulala jirani yake anapoita.