Kapamu na kazi yake ya pili

Wengi kati yetu tumesikia wazee wa kanisa wakitaja jina la Kapamu. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa William F. P. Burton. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1886, akasomea uenjinia. Mwaka 1915 alifika Mwanza, katika nchi ya Baluba (si ile Mwanza ya Tanzania), pamoja na mwenzake James Salter, ili kuhubiri Injili. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta.

Lakini alikuwa na nyingine. Akitembelea vijiji, baada ya kuhubiri, aliuliza mambo mingi na kuandika. Alipiga picha, alichora kwa rangi, alikusanya hadithi na vitu vya kazi ya mikono. Methali za Kiluba alizokusanya zilichapwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika miaka ya 1950. Mwaka 1960 vurugu zilimwondoa Mwanza. Mwaka 1961 kitabu chake juu ya dini na uganga wa Baluba kilitoka Tervuren, Ubelgiji. Alikufa Afrika ya Kusini mwaka 1971.

Tuseme kweli, kuna jambo linalotusumbua. Kapamu alipinga Bambudye na waganga katika mahubiri, kumbe desturi zao hizo hizo aliziandika kwa bidii. Tena, vitu vingi alivyokusanya vilikwenda Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mtoto wa Kabondo-Dianda akitaka kuviona, sharti avuke mipaka. Wengine kati yetu wanasema alituokolea mali. Wengine wanasema alituondolea. Tulibishana sana, na tunaona pande zote mbili zina haki. Ila hakuna aliyeweza kujibu swali hili: sisi wenyewe tumeandika nini?

Sisi wa mwaka wa sita tunakaribia mtihani wa Serikali. Kesho mmoja atafundisha, mwingine atafanya kazi ya reli, mwingine atalima. Kazi ya kulisha nyumba ni ya lazima kabisa, lakini jioni inabaki. Kapamu alijifunza Kiluba akiwa mtu mzima. Sisi tulikipata nyumbani bure. Basi, likizo hii kila mmoja aketi karibu na nkambo wake na daftari, aandike methali kumi pamoja na maana yake. Hakuna pointi zitakazotolewa. Daftari zibaki hapa shuleni, ili wadogo zetu wazisome.