Rudolf Uhlenhaut, jamaa aliyelaza injini

Ukiona picha ya ile Mercedes ya zamani inayofungua milango juu kama mabawa, rahisi kudhani ni mbwembwe tu. Wapi! Milango ile ilizaliwa na shida, na aliyehangaika nayo ni Rudolf Uhlenhaut.

Alizaliwa London mwaka wa 1906, baba Mjerumani, mama Mwingereza. Aliajiriwa na kampuni hiyo mwaka wa 1931, na kufikia 1936 alikuwa akisimamia ufundi wa magari ya mashindano. Huyu hakungoja dereva amletee habari. Aliingia garini mwenyewe na kulikanyagia mpaka ajue ugonjwa uko wapi.

Baada ya vita, kampuni ilitaka kurudi mashindanoni lakini mfuko ulikuwa mwepesi. Injini mpya hakupewa. Alipewa ile ya gari kubwa la kifahari, 300: silinda sita, lita tatu, nzito na ndefu kwenda juu. Ukiisimamisha mbele, boneti inainuka na kupambana na upepo. Jamaa akailaza kwa ubavu, karibu digrii 50, boneti ikashuka.

Uzito nao? Akaunda fremu ya mabomba membamba yaliyounganishwa kwa pembetatu, kilo 50 hivi. Sasa hapo ndipo shida. Ili fremu isipinde, mabomba yalipaswa kupita juu ubavuni, pale pale mlango wa kawaida hukaa. Basi bawaba zikahamia kwenye paa. Mwaka wa 1952 gari hilo lilishinda Le Mans, kisha Carrera Panamericana kule Mexico.

La kuuziwa watu, 300 SL, lilizinduliwa New York mwaka wa 1954. Kabureta ilikuwa imeondolewa. Petroli ilinyunyizwa moja kwa moja ndani ya silinda. Tusimsifu kupita kiasi lakini: ekseli ya nyuma ilikuwa ya kubembea, na ukiachilia mafuta ghafla kwenye kona, mkia ulikuponyoka.

Mwaka wa 1955 ajali ya Le Mans iliua zaidi ya watu 80, na mwisho wa mwaka huo kampuni ikaacha mashindano. Magari mawili ya 300 SLR yenye paa, aliyokuwa ameyatayarisha, hayakushindana kamwe. Moja akalifanya lake la kwenda kazini, gari la karibu kilomita 290 kwa saa!

Alifariki mwaka wa 1989. Mwaka wa 2022, moja kati ya mawili hayo liliuzwa kwa euro milioni 135.