Dalton Trumbo: Mwandishi aliyeshinda Oscar mbili bila kutajwa jina

KATI ya mwaka 1954 na 1957, mwandishi wa miswada ya filamu wa Marekani, Dalton Trumbo, alishinda tuzo mbili za Oscar. Ya kwanza ilitolewa kwa jina la rafiki yake. Ya pili ilitangazwa kwa jina la mtu ambaye hakuwa ameandika hata ukurasa mmoja wa filamu hiyo. Yeye mwenyewe hakutajwa mara zote mbili, kwa kuwa wakati huo kulitaja jina lake Hollywood kulikuwa ni kujitafutia balaa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, ni vema kwanza kufahamu jinsi biashara ya miswada ya filamu inavyoendeshwa. Mwandishi wa riwaya hubaki na haki ya kazi yake, lakini mwandishi wa filamu wa Hollywood huuza mswada wake, na kuanzia hapo mswada huwa mali ya studio. Studio inaweza kuukata, kuugeuza, au kumpa mtu mwingine auandike upya. Kinachobaki kwa mwandishi ni jina lake linaloonyeshwa kwenye skrini. Kwa jina hilo ndipo hupata kazi inayofuata, na kwa jina hilo ndipo bei yake hupangwa.

Kwa maana hiyo, kumnyang'anya mwandishi jina lake ni sawa na kumfungia mfanyabiashara duka. Hilo ndilo lililompata Trumbo kwa zaidi ya miaka kumi.

Alizaliwa Desemba 9, 1905 katika mji mdogo wa Montrose, jimbo la Colorado, na akakulia Grand Junction, katika jimbo hilo hilo. Baba yake, Orus, alikuwa mfanyakazi wa duka la viatu. Baada ya kusoma mwaka mmoja tu katika Chuo Kikuu cha Colorado, Trumbo aliifuata familia yake iliyokuwa imehamia Los Angeles kutafuta maisha. Mwaka 1926 baba yake alifariki dunia, na mzigo wa kumtunza mama na dada zake wawili ukamwangukia kijana huyo.

Alipata kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Alidhani ingekuwa ya muda mfupi, lakini ilimchukua takribani miaka minane. Usiku alishinda kiwandani, mchana akaandika. Inaelezwa kwamba katika kipindi hicho aliandika hadithi fupi zaidi ya 80 na riwaya sita, na zote zilikataliwa na wachapishaji.

Mwaka 1934 mlango ulifunguka. Studio ya Warner Bros ilimwajiri awe msomaji, yaani mtu wa kupitia riwaya na tamthilia zilizoletwa na kuandika muhtasari ili wakubwa waamue kama zinafaa kuwa filamu. Ilikuwa kazi ya chini, lakini ilimfundisha hadithi inajengwaje na inabomokea wapi. Mwaka uliofuata akawa mwandishi, na riwaya yake ya kwanza, Eclipse, ikachapishwa. Wakazi wa Grand Junction walijitambua katika wahusika wa kitabu hicho, na wengi wao hawakufurahi.

Mwaka 1938 alimwoa Cleo Fincher, na wakajaliwa watoto watatu. Septemba 1939, mwezi ule ule Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, alichapisha riwaya ya Johnny Got His Gun, inayomhusu askari wa Vita Kuu ya Kwanza aliyepoteza mikono, miguu na uso, huku akili yake ikibaki hai ndani ya mwili usioweza kuona, kusikia wala kusema. Kitabu hicho kiliupinga ubatili wa vita kwa ukali ambao wasomaji wengi hawakuwa wameuzoea.

Hata hivyo, Trumbo hakuwa mtu wa sura moja. Marekani ilipoingia vitani, naye akiwa upande wa waliounga mkono vita dhidi ya Ujerumani ya Hitler, alianza kupokea barua za watu waliokitumia kitabu chake kutaka amani na Hitler, baadhi yao wakiwa na chuki dhidi ya Wayahudi. Aliwaita maofisa wa FBI na kuwakabidhi barua hizo. Baadaye aligundua kwamba wapelelezi hao walivutiwa zaidi na yeye kuliko walioziandika. Jambo hilo alilijutia, na alilieleza hadharani.

Upande wa filamu, nyota yake ilikuwa inapanda. Mswada wake wa Kitty Foyle wa mwaka 1940 uliteuliwa kuwania Oscar, na mwigizaji Ginger Rogers akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu hiyo. Zikafuata A Guy Named Joe mwaka 1943 na Thirty Seconds Over Tokyo mwaka 1944. Mkataba wake na studio ya MGM ulimpa dola 3,000 kwa wiki au dola 75,000 kwa mswada mmoja, kiwango kilichomweka miongoni mwa waandishi waliolipwa vizuri kuliko wote Hollywood.

Mwaka 1943 alijiunga na Chama cha Kikomunisti cha Marekani. Wakati huo Urusi ya Kisovieti ilikuwa mshirika wa Marekani vitani, na uanachama huo haukuwa kosa kisheria. Wakosoaji wake hukumbusha kwamba chama hicho kiliutetea utawala wa Stalin wakati maovu yake yakianza kufahamika, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa. Lakini kilichokuja kumfikisha gerezani hakikuwa kosa lolote dhidi ya nchi yake.

Vita ilipokwisha, urafiki na Urusi ulikufa na Vita Baridi ikaanza. Oktoba 1947, kamati ya Baraza la Wawakilishi iliyochunguza shughuli zilizodaiwa kuwa dhidi ya Marekani iliwaita watu wa Hollywood mjini Washington. Trumbo alifika mbele yake Oktoba 28, akiwa na rundo la miswada yake, na kuwataka wajumbe waonyeshe ni ukurasa upi wenye uchochezi. Mwenyekiti, J. Parnell Thomas, alikataa kuipokea.

Aliulizwa kama ni mwanachama wa chama cha waandishi, na kama ni mwanachama wa Chama cha Kikomunisti. Hakuyajibu maswali hayo kama kamati ilivyotaka. Msimamo wake na wa wenzake tisa, waliokuja kuitwa Kumi wa Hollywood, ulikuwa kwamba Katiba inalinda uhuru wa mawazo, hivyo Bunge halina mamlaka ya kumhoji raia kuhusu imani yake ya kisiasa.

Novemba 24 mwaka huo, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 346 dhidi ya 17 kuwashitaki kwa kulidharau Bunge. Wakuu wa studio, waliokutana katika hoteli ya Waldorf-Astoria mjini New York, walitangaza kuwa hawatawaajiri watu hao kumi wala mkomunisti yeyote. Hivyo ndivyo orodha nyeusi ilivyozaliwa. Haikuhitaji sheria, ilitosha simu zisipokelewe.

Trumbo alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na faini ya dola 1,000. Mahakama ya Juu ilipokataa kusikiliza rufaa, aliingia gereza la Ashland, Kentucky, Juni 1950, na alitumikia miezi kumi. Dunia ina vituko vyake: mwenyekiti Thomas naye alifungwa kwa kuiibia serikali kupitia mishahara ya wafanyakazi hewa, na katika gereza la Danbury aliwakuta wawili kati ya wale kumi aliowasulubu.

Alipotoka, Trumbo aliihamishia familia yake Mexico mwishoni mwa 1951, na kurejea Marekani mwaka 1954. Fedha zilikuwa zimekwisha, na alikuwa na watoto watatu wa kulisha. Akafanya biashara pekee aliyoijua, lakini sasa kwa mlango wa nyuma.

Biashara hiyo ilikuwa na kanuni zake. Mwandishi aliyepigwa marufuku aliandika mswada, kisha mwandishi mwingine asiye na tuhuma aliuwasilisha studio kama wake, au mtayarishaji aliubandika jina la kubuni. Malipo yalikuwa sehemu ndogo ya bei ya kawaida. Mtu aliyekuwa akilipwa dola 75,000 alikubali chini ya dola 4,000 kutoka kwa ndugu wa King, watayarishaji wa filamu za bei nafuu, kwa mswada wa Gun Crazy, uliotoka mwaka 1950 ukiwa na jina la mwandishi mwingine, Millard Kaufman.

Kwa kuwa bei ilishuka, ilibidi kazi iongezeke. Trumbo aliandika usiku kucha, mara nyingi akiwa ameketi ndani ya hodhi la kuogea ili kuupumzisha mgongo, ubao ukiwa mbele yake na sigara mkononi. Alitumia majina mengi ya bandia, na watoto wake walijifunza mapema kutunza siri ya kazi ya baba. Kazi zilipomzidi, aliwagawia wenzake waliokuwa katika dhiki kama yake.

Kabla ya kifungo alikuwa ameandika hadithi ya binti mfalme anayetoroka majukumu yake na kutembea Roma na mwandishi wa habari asiyejua, mwanzoni, kwamba yuko na nani. Rafiki yake, Ian McLellan Hunter, aliiuza kwa jina lake na kumkabidhi Trumbo fedha. Filamu hiyo, Roman Holiday, iliyoongozwa na William Wyler, ilitoka mwaka 1953 na kumpa umaarufu Audrey Hepburn. Machi 1954 ilishinda Oscar ya hadithi bora, kwa jina la Hunter.

Miaka mitatu baadaye lilitokea kubwa zaidi. Akiwa Mexico, Trumbo aliona katika mchezo wa ng'ombe jinsi fahali shujaa anavyoweza kusamehewa asiuawe. Kutokana na hilo aliandika The Brave One, hadithi ya mtoto maskini na fahali wake. Machi 1957 ilishinda Oscar ya hadithi bora, na mshindi akatangazwa kuwa Robert Rich. Hakujitokeza mtu. Jesse Lasky Mdogo, wa chama cha waandishi, alipokea kwa niaba yake na kueleza kuwa Rich yuko hospitali na mkewe anayejifungua.

Waandishi wa habari walianza kumsaka Rich. Ikabainika kuwa jina hilo ni la mpwa wa ndugu wa King, asiyekuwa mwandishi. Minong'ono ikamwelekea Trumbo, naye hakukubali wala hakukana. Kila alipoulizwa kuhusu filamu fulani nzuri, aliacha shaka ielee kwamba huenda ni yake. Kwa werevu huo aligeuza siri kuwa silaha, maana orodha nyeusi ilianza kuonekana kichekesho.

Mwaka uliofuata kichekesho kilijirudia. Oscar ya mswada wa The Bridge on the River Kwai ilikwenda kwa Mfaransa Pierre Boulle, ambaye hakuwa akiandika kwa Kiingereza. Walioandika ni Carl Foreman na Michael Wilson, wote waliokuwa kwenye orodha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kizuri cha waandishi hao kilijiuza hata kikiwa kimefunikwa uso.

Januari 1959, Trumbo alitangaza hadharani kuwa Robert Rich ni yeye. Januari 1960, mwongozaji Otto Preminger alieleza kwamba Trumbo ndiye mwandishi wa filamu yake, Exodus. Kirk Douglas naye alimpa jina lake katika Spartacus, iliyotoka Oktoba mwaka huo. Nani kati yao alitangulia kuvunja mwiko limebaki kuwa suala la ubishi. Februari 1961, Rais John F. Kennedy aliwapita waandamanaji waliokuwa nje ya ukumbi na kuingia kuitazama Spartacus. Tangu hapo haikuwa rahisi kwa studio kudai kwamba taifa lingekasirika.

Trumbo aliendelea na kazi kwa jina lake, zikiwamo Lonely Are the Brave mwaka 1962 na Papillon mwaka 1973. Mwaka 1971 aliiongoza mwenyewe filamu ya Johnny Got His Gun, iliyopata tuzo maalumu ya majaji huko Cannes.

Mwaka 1970, akipokea tuzo ya heshima ya chama cha waandishi, alisema kwamba haifai kutafuta mashujaa na wabaya katika miaka ile, kwa kuwa wote walikuwa wahanga. Kauli hiyo ilimuudhi Albert Maltz, mmoja wa wale kumi, aliyeona si haki kumweka katika mizani moja aliyefungwa na aliyewataja wenzake ili anusurike. Wawili hao walibishana kwa barua ndefu, na ubishi wao haujapata mshindi.

Mei 1975, akiwa mgonjwa, alikabidhiwa sanamu ya Oscar ya The Brave One, miaka 18 baada ya kuishinda. Alifariki dunia Septemba 10, 1976 mjini Los Angeles, akiwa na umri wa miaka 70. Oscar ya Roman Holiday ilipokewa na mjane wake, Cleo, mwaka 1993.

Bado skrini yenyewe ilikuwa haijasahihishwa. Desemba 2011, Chama cha Waandishi cha Marekani kilitambua rasmi sehemu yake katika uandishi wa Roman Holiday. Ilikuwa imepita miaka 58 tangu filamu itoke na 35 tangu mwandishi afariki dunia na wengi wa waliomnyima jina lake walikuwa wamekwisha kufa.