Mume ametajwa wa tano

Siku za harusi yangu, somo yangu alinisomea Utendi wa Mwana Kupona, lakini kipande kimoja tu, kile cha kumtunza mume. Miaka mingi nikaamini kuwa yule bibi hakuwa na jingine la kusema. Juzi binti yangu wa miaka 16 akaniuliza: yawaje mama amfunze mwanawe kuwa mtumwa wa mume? Sikuwa na jibu. Nikautafuta utendi nikausoma wote.

Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa mtu wa Pate, akaolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyekataa kuwa chini ya Seyyid Said wa Unguja na kupigana na majeshi yake. Nyumba yake basi haikuwa ya raha tupu. Bwana Mataka alifariki 1856. Miaka miwili baadaye, mjane huyu, mwaka mzima akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima beti mia na zaidi. Haukupita muda mrefu naye akafariki.

Haanzi kwa amri. Kwanza amwita mwanawe asogee karibu, achukue wino na karatasi. Amweleza pia kwa nini amemwita: ugonjwa umemzuia kumpa neno jema kwa muda mrefu. Ndipo yaja mafunzo, na mpangilio wake ndio ulionishangaza. Dini kwanza, halafu adabu na ulimi mzuri, halafu ukweli. Anapotaja radhi ambazo mtu hana budi kuzipata, ni Mungu, Mtume, baba, mama, na mume ni wa tano. Kweli, hapo kwa mume akaa sana. Lakini amfunza pia kuwa mhitaji akija asidharauliwe, atendewe upesi kwa kadiri ya uwezo. Mbona hili somo yangu alilipita?

Kisha atoa ushahidi wa maisha yake mwenyewe, alivyoishi na babake Hashima kwa furaha hadi akamfia akiwa radhi naye. Sisi wazazi wa leo twaagiza tu, yetu twayaficha.

Yako nisiyoweza kuyatetea. Amkataza bintiye kuchanganyika na watumwa ila wakati wa kazi. Huo ulikuwa ulimwengu wa mabwana, naye alikuwa mmoja wao.

Jana usiku nilimwita binti yangu akae karibu, tukausoma pamoja. Tulipofika kwa watumwa akanishika mkono, akasema hapo tusimame kwanza. Bado twazungumza.